Mtutu Laini na Mtutu wa Mifuo: Historia ya Cheti cha Bunduki ya Marisau na Wakazi wa Mashambani Uingereza

Utangulizi

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa majina ya bunduki. Wazee wa pwani waliijua bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Waliijua gumegume, iliyopata cheche zake kwa jiwe. Waliijua bunduki ya fataki. Na hata leo gobori, yaani bunduki ya kushindiliwa baruti mdomoni, lingali likijulikana katika vijiji vya bara. Majina ya mrao, gumegume na fataki yanaeleza jinsi moto unavyoifikia baruti. Gobori linatukumbusha jinsi baruti yenyewe inavyotiwa. Hakuna jina katika hayo linalojishughulisha na sura ya ndani ya mtutu. Sheria ya Waingereza, kwa upande wake, imekuwa ikiuliza kwa zaidi ya miaka mia moja swali hilo hasa ambalo Kiswahili hakikuliuliza: je, mtutu huu ni laini ndani, au umechongwa mifuo ya mzunguko?

Tofauti yenyewe ni rahisi kueleweka. Mtutu wenye mifuo huizungusha risasi moja na kuipeleka mbali kwa shabaha. Mtutu laini hutupa marisau, yaani punje nyingi ndogo za risasi ambazo hutawanyika zikiruka, na ambazo hazifai sana kwa windo lililo mbele ya hatua arobaini au hamsini. Kwa sababu hiyo bunduki ya marisau ndiyo chombo cha mkulima anayefukuza njiwa katika mimea yake, na ya mifuo ndiyo silaha ya askari. Juu ya tofauti hiyo Waingereza wamejenga vyeti viwili, maswali ya aina mbili, na daraja mbili za kuaminiwa.

Mwezi wa Februari 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza nia yake ya kuwauliza wananchi kama masharti ya bunduki ya marisau yakazwe yalingane na yale ya bunduki za mifuo. Watu wa mashambani, wenye mifugo na wenye mashamba ya nafaka, walilipokea tangazo hilo kwa wasiwasi mkubwa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mstari huo kati ya mitutu miwili ulivyochorwa, ulikuwa na maana gani kule na huku kwetu, na nini kitakachopotea au kupatikana ukifutwa. Maoni yetu, ambayo tutajaribu kuyathibitisha, ni kwamba mstari huo haukuwa kipimo cha hatari peke yake. Ulikuwa pia kipimo cha nani anaaminiwa na dola.

Bunduki na Ardhi

Asili ya jambo hili ni ardhi. Mwaka 1671 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya wanyama wa kuwindwa. Kwa sheria hiyo, mtu asiyekuwa na ardhi yake ya kumpatia pauni 100 kwa mwaka, na asiyekuwa na ukodishaji mrefu wa thamani kubwa zaidi wala nasaba ya kiungwana, alikatazwa kuweka bunduki, pinde na mbwa wa kuwindia. Mlinzi wa wanyama aliyeajiriwa na bwana mwenye shamba aliweza, kwa hati ya hakimu, kupekua nyumba ya mnyonge na kuvitwaa vitu hivyo. Pauni 100 zilikuwa mali nyingi kwa siku zile. Basi mkulima mdogo aliweza kumwona sungura akiila ngano yake na asiwe na ruhusa ya kumgusa, kwa kuwa sungura yule alikuwa starehe ya mkubwa.

Sharti hilo la mali halikuondolewa mpaka mwaka 1831, sheria ilipomruhusu kila mwenye kulipia cheti kuwinda. Tena ilimlazimu mpangaji wa shamba kungoja mpaka mwaka 1880 ndipo apewe haki, ambayo mwenye ardhi hakuweza kumnyang'anya kwa mkataba wowote, ya kuwaua sungura wa aina zote waliokuwa wakiharibu mazao yake.

Kati ya miaka hiyo miwili ilitungwa Sheria ya Leseni ya Bunduki ya mwaka 1870. Yafaa tuiangalie kwa makini, maana ndiyo iliyotawala maisha ya mashambani kwa muda mrefu. Aliyetaka kuchukua bunduki nje ya nyumba na kiwanja chake alilipa shilingi 10 kwa mwaka. Ilikuwa kodi, wala haikuwa uchunguzi: haikuuliza tabia ya mtu, afya yake wala sababu yake. Zaidi ya hayo, mwenye kulima ardhi alisamehewa hata kodi hiyo ikiwa alichukua bunduki kwa ajili ya kutisha ndege au kuua wadudu na wanyama waharibifu katika ardhi yake. Hapo ndipo bunduki ya marisau ilipotulia nyuma ya mlango wa jikoni, pamoja na jembe na uma wa majani makavu, ikahesabiwa kuwa kifaa cha kazi.

Mstari Mmoja, Maana Mbili

Mstari wa mtutu laini na mtutu wa mifuo ulichorwa katika bara letu kabla ya kuchorwa Uingereza. Mkataba wa Brussels, uliotiwa sahihi tarehe 2 Julai 1890 kwa madhumuni ya kukomesha biashara ya watumwa, ulikataza kuingizwa kwa silaha, hasa bunduki za mifuo na silaha nyingine za kisasa, katika eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya mstari wa ikweta. Hata hivyo mkataba huo uliacha mlango mdogo: gumegume za mtutu laini na baruti ya kawaida ziliweza kuuzwa kwa masharti. Wazungu walioaminiwa na serikali zao waliweza kuruhusiwa silaha bora. Kwa hiyo Mwafrika, aliporuhusiwa, aliruhusiwa bunduki hafifu kwa sababu ya uhafifu wake.

Miaka thelathini baadaye mstari uo huo ulichorwa Uingereza kwenyewe. Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vimekwisha. Maelfu ya askari walikuwa wamerudi nyumbani wakiwa wanajua kutumia silaha. Migomo ya wafanyakazi ilikuwa mingi. Na mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917 yaliwatia watawala hofu. Sheria ya Silaha ya mwaka 1920 ilimtaka kila mwenye bastola au bunduki ya mifuo apate cheti kwa mkuu wa polisi wa eneo lake, na aonyeshe sababu ya kutosha. Bunduki ya marisau iliachwa nje. Mkulima hakuogopwa, wala bwana mwenye shamba hakuogopwa. Aliyeogopwa alikuwa mfanyakazi wa mjini mwenye bastola mfukoni. Kule, mtutu laini uliachwa huru kwa kuwa mwenyewe aliaminiwa. Huku kwetu, mtutu laini uliruhusiwa kwa kuwa mwenyewe hakuaminiwa. Mstari ni mmoja, maana zake ni mbili zinazopingana.

Msomaji wa Kenya hatakosa kuukumbuka mfano ulio karibu zaidi. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, ilianza kutumika mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari. Sheria hiyo ilidai cheti kwa kila silaha yenye mtutu wa kuweza kuua, bila ya kuuachia mtutu laini nafasi ya pembeni. Kanuni za Hali ya Hatari zilikwenda mbali zaidi: Mwafrika aliyekutwa na silaha bila idhini aliweza kunyongwa. Dedan Kimathi mwenyewe alihukumiwa mwaka 1956 kwa kukutwa na bastola na risasi zake, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Katika miaka hiyo hiyo mkulima wa Devon au Norfolk alikuwa akinunua bunduki yake ya marisau bila kuulizwa neno na polisi. Hatusemi haya kwa kufufua chuki. Twayasema ili ionekane kwamba sheria ya silaha, popote itungwapo, hutangulia kuwagawa watu kabla haijazigawa bunduki.

Misiba na Masharti

Uhuru wa bunduki ya marisau Uingereza ulianza kupungua mwaka 1966. Mwezi wa Agosti mwaka huo polisi watatu waliuawa katika mtaa wa Shepherd's Bush, London. Waliuawa kwa bastola, ambazo zilikuwa zimedhibitiwa tangu 1920. Lakini ghadhabu ya wananchi ilidai hatua, na Waziri wa Mambo ya Ndani, Roy Jenkins, akaleta cheti cha bunduki ya marisau kwa njia ya Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 1967. Mwaka uliofuata masharti hayo yaliingizwa katika Sheria ya Silaha ya 1968, ambayo ndiyo msingi wa yote yaliyofuata. Cheti hicho kilikuwa chepesi. Kilimhusu mtu, wala hakikuihusu kila bunduki; aliyekipata aliweza kuwa na bunduki mbili au ishirini. Nao mzigo wa hoja uliwekwa juu ya polisi: ilipasa wampe mwombaji cheti isipokuwa wakiona kwamba ataihatarisha amani.

Mwaka 1973 serikali ilitoa waraka wa mashauriano uliopendekeza bunduki ya marisau ikazwe karibu kama silaha nyinginezo. Watu wa mashambani na vyama vya wawindaji walipinga kwa nguvu, na waraka ule ukawekwa kando. Kwa hiyo lile linalosemwa leo kuwa ni jipya limekwisha kusemwa zaidi ya nusu karne iliyopita.

Tarehe 19 Agosti 1987 mtu mmoja aliwaua watu 16 katika mji mdogo wa Hungerford. Silaha zake zilikuwa bastola na bunduki za mifuo za kujipakia zenyewe. Sheria ya mwaka 1988 ilizipiga marufuku bunduki za namna hiyo zenye nguvu, lakini iligusa bunduki ya marisau pia. Tangu hapo kila bunduki ilitakiwa kuandikwa katika cheti; ilitakiwa kufungiwa mahali salama; zile zenye uwezo wa kuchukua viasi vingi zilihamishiwa upande wa cheti kigumu; na polisi waliweza kumkatalia mtu asiyekuwa na sababu njema. Baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa kwa bastola huko Dunblane, Scotland, tarehe 13 Machi 1996, karibu bastola zote zilipigwa marufuku mwaka 1997. Mstari wa mtutu laini ulibaki mahali pake.

Ni dhahiri kwamba katika misiba hiyo mitatu, iliyoleta sheria tatu, bunduki ya marisau haikuwa chombo cha mauaji. Watu wa mashambani hulitaja jambo hili mara kwa mara, nao wana haki kulitaja. Lakini historia haikuishia hapo. Tarehe 2 Juni 2010 watu 12 waliuawa katika miji midogo na vijiji vya Cumbria, kwa bunduki ya marisau na bunduki ndogo ya mifuo, zote mbili zikiwa na vyeti. Tena mauaji hayo hayakutokea katika jiji. Yalitokea katika nchi ile ile ya kondoo na mashamba ambayo watetezi wake husema kuwa haina hatari.

Keyham na Mapendekezo ya Mwaka 2025

Msiba uliozaa mapendekezo ya sasa ulitokea tarehe 12 Agosti 2021, katika mtaa wa Keyham, mjini Plymouth. Kijana mmoja aliwaua watu watano, akiwamo mama yake mzazi na mtoto wa kike wa miaka mitatu, kisha akajiua. Bunduki ilikuwa ya marisau, na cheti alikuwa nacho. Jambo lililowachoma wafiwa kuliko yote ni kwamba polisi walikuwa wamekwisha kumnyang'anya bunduki na cheti mwezi wa Desemba 2020 kwa sababu ya kuwapiga vijana wawili, halafu wakamrudishia mwezi wa Julai 2021, wiki chache tu kabla ya mauaji. Baraza la uchunguzi wa vifo lilisema mwaka 2023 kwamba kulikuwa na kasoro kubwa katika kazi ya polisi ya kutoa vyeti.

Wafiwa waliuliza swali lisilokwepeka: kwa nini bunduki iliyoweza kufanya haya itolewe kwa masharti mepesi kuliko nyingine? Serikali ilifanya mashauriano mwaka 2023, na katika jibu lake la Februari 2025 ndipo ilipotangaza nia ya kuvilinganisha vyeti viwili. Mwezi huo huo ada zilipandishwa, kwa hoja kwamba kazi ya polisi ijilipie gharama zake. Cheti kipya cha bunduki ya marisau, kilichokuwa pauni 79 na nusu, kilifika pauni 194; kukitengeneza upya baada ya miaka mitano, kulikokuwa pauni 49, kukafika pauni 126.

Vyeti vikilinganishwa kabisa, mwombaji ndiye atakayebeba mzigo wa hoja. Itamlazimu athibitishe sababu njema kwa kila bunduki moja moja. Akitaka kununua nyingine, itambidi aombe kwanza cheti kibadilishwe. Na akiba yake ya viasi inaweza kuwekewa kiwango, kama ilivyo kwa mwenye bunduki ya mifuo.

Hasara na Faida kwa Watu wa Mashambani

Karibu watu nusu milioni wana cheti cha bunduki ya marisau katika England na Wales. Miongoni mwao wamo matajiri wanaowinda ndege kwa starehe, ambao ada ya pauni mia mbili haiwasumbui. Lakini wamo pia wenye mashamba madogo ambao makundi ya njiwa hushuka katika mbaazi zao. Wafugaji wa kondoo ambao mbweha na kunguru huwasumbua wakati wa kuzaa. Na vibarua wanaoitwa na majirani kuja kuua sungura. Wapo pia mafundi wa bunduki, wauza viasi na walinzi wa mapori, ambao riziki yao hutegemea watu hao. Kwa wote hao muda ni kitu muhimu. Vyeti hutolewa na vikosi 43 vya polisi, kila kimoja kwa mwendo wake, na malalamiko juu ya ucheleweshaji ni ya siku nyingi. Mkulima ambaye bunduki yake imeharibika mwezi wa kuzaa kondoo hawezi kumwambia mbweha angoje karatasi.

Hasara nyingine haihesabiki kwa pauni. Wakazi hao huhisi kwamba wamehukumiwa kwa kosa la mtu mmoja wa mjini, na kwamba walioandika sheria hawajui maisha yao. Sisi tuna methali isemayo kwamba samaki mmoja akioza huoza wote. Methali hiyo ni onyo jema kwa mvuvi, lakini ni msingi mbaya wa kutunga sheria. Samaki wa Keyham alikuwa amekwisha kutolewa tengani, na mkono wa serikali yenyewe ndio uliomrudisha.

Pamoja na hayo, hatuna budi kuyasema ya upande wa pili. Kwanza, marisau yaliyopigwa kwa karibu huua vibaya sana. Sifa ya ulaini wa mtutu haimsaidii aliyepigwa. Pili, masharti yamewahi kuwalinda watu wa mashambani wenyewe. Wakulima wa Uingereza wamo katika kazi zenye idadi kubwa ya watu wanaojiua, na bunduki ya nyuma ya mlango wa jikoni imekuwa njia iliyo karibu mno. Watafiti wameonyesha kwamba vifo vya wakulima waliojiua kwa bunduki vilipungua baada ya masharti ya 1988 kuanza kutumika. Kufuli lile lililolalamikiwa liliwapa watu wengine nafasi ya kufikiri upya. Tatu, katika Ireland ya Kaskazini bunduki ya marisau imekuwa chini ya cheti kimoja na silaha nyingine, na wakulima wa huko hawajaacha kulima wala kuwinda. Kwa hiyo asemaye kwamba kufutwa kwa mstari kutakuwa mwisho wa maisha ya mashambani anavuka mpaka wa ushahidi.

Hitimisho

Tumeona kwamba mstari kati ya mtutu laini na mtutu wa mifuo ulimpendelea mkulima Mwingereza kwa sababu ile ile iliyomdhalilisha Mwafrika: dola ilikuwa imekwisha kuamua nani ni mtu wa kuaminiwa kabla ya kumwangalia usoni. Mstari wa namna hiyo hauna utakatifu, na ukifutwa hatutaulilia.

Lakini kufuta mstari si sawa na kuleta usalama. Katika Keyham sheria iliyokuwapo ilitosha kumnyima mtu yule bunduki, na kweli alinyimwa. Kilichokosekana ni afisa wa kuyasoma mafaili yake na kuyaelewa. Cheti kigumu kilichotolewa na ofisi hiyo hiyo, yenye watu wale wale wachache, kitakuwa karatasi nzito zaidi tu. Ikiwa mzigo wa hoja utahamishiwa kwa mwombaji, basi ni haki naye ahakikishiwe jibu katika muda uliowekwa, na ofisi zenye kutoa vyeti ziwe na watu waliofunzwa.

La mwisho ni juu ya ada. Mwaka 1671 bunduki ilikuwa haki ya mwenye pauni 100 kwa mwaka, na iliwachukua watu wadogo miaka 160 kuliondoa sharti hilo. Serikali ya leo haikusudii kulirudisha. Hata hivyo ada ikiendelea kupanda, pamoja na gharama za daktari, sanduku la chuma na safari za mjini, itafika siku ambayo mwindaji wa starehe atabaki na bunduki zake, na mwenye ekari chache atasimama tena ukingoni mwa shamba lake, akiwatazama njiwa wakila. Sisi ambao babu zetu waliachiwa gumegume, tena kwa masharti, tunaifahamu hali hiyo bila kuhitaji tafsiri.